Buti za lindo kwenye joto la Dar, na miguu yangu ilivyonifundisha

Huu ni mwaka wa saba niko kwenye ulinzi, malindo yangu mengi yamekuwa upande wa Barabara ya Nyerere huku kwenye magodauni na viwanda, na leo nataka niongelee miguu. Najua wengi wanaona kitu kidogo, mtu anakwambia joto ni joto tu utazoea, lakini mimi kuna kipindi nilifika mahali nataka kuacha kazi, tena sio kwa mshahara wala usingizi, kwa ajili ya miguu. Kwa hiyo ndugu yangu kama kazi yako ni ya kusimama na viatu vya kufunika, uwe mlinzi, mpishi, fundi wa kiwandani anayevaa sefti buti, au una mtoto yuko bweni anashinda na viatu vyeusi toka asubuhi mpaka prepo ya usiku, soma taratibu, kuna kitu utapata.

Shifti ya mchana inaanza saa 12 asubuhi inaisha saa 12 jioni. Mimi nakaa Gongo la Mboto, ukiweka na daladala na foleni na kusubiri mwenzako aje kupokea lindo, buti ziko mguuni kama masaa 14. Sasa chukua kipindi cha kaskazi, Desemba mpaka Machi, Dar inacheza kwenye nyuzi 31, 32, na tatizo sio hizo nyuzi peke yake, hewa yenyewe imebeba maji ya bahari, shati linalowa ukiwa umekaa tu. Halafu umesimama juu ya zege ambalo limepigwa jua toka asubuhi, ikifika saa nane mchana unasikia moto unapanda kwenye soli, na buti ni nyeusi na jua kama unavyojua linapenda nyeusi.

Buti zangu za kwanza nilipewa na kampuni niliyoanza nayo, zikakatwa kwenye mshahara. Mimi navaa 43, zilizobaki stoo zilikuwa 42, nikaambiwa zitaachia. Hazikuachia. Na haikuwa ngozi, ilikuwa ile ngozi feki ya plastiki inayong'aa hata bila kiwi, na mimi nilifurahi kwamba sitahangaika na kiwi! Soksi nikanunua zile nyembamba nyeusi za nailoni, za buku buku, wauzaji wanapita nazo mpaka kwenye foleni. Yaani ukiangalia nilikuwa nimefunga mguu kwenye mfuko wa plastiki, nikauingiza kwenye mfuko mwingine wa plastiki, kisha nikausimamisha kwenye zege la moto masaa 12.

Mwezi wa pili nikaanza kuwashwa katikati ya kidole cha mwisho na kile cha jirani yake, mguu wa kulia. Ngozi ya pale ikawa nyeupe, laini kama ya mtu aliyeshinda kwenye maji, ukivuta inatoka, chini nyekundu inachoma. Nikapuuza. Baadae ikaja harufu. Hii sehemu ni ngumu kuandika lakini naandika kwa sababu najua kuna mtu anapitia hivi sasa na hana wa kumwambia. Mwenzangu wa usiku akija kupokea lindo alikuwa anafungua kwanza dirisha la kibanda hata kabla hajasalimia. Mke wangu, hakuwahi kunisema hata siku moja, lakini nikaona buti zimeanza kulala nje kwenye baraza. Na mimi ni mtu wa kusali msikitini, nikaanza kusali nyumbani, ikifika Ijumaa nasimama safu ya mwisho kabisa pembeni, kwa sababu mtu wa nyuma yako akisujudu kichwa chake kiko karibu na miguu yako. Iliniuma sana hiyo.

Kila niliyemgusia aliniambia kitu kimoja, osha miguu. Kwa hiyo nikaosha. Niliosha asubuhi, niliosha narudi jioni, nilinunua sabuni ya dawa na brashi nikawa nasugua mpaka ngozi inakuwa nyekundu. Ukijumlisha na udhu wa adhuhuri na alasiri nikiwa lindoni, miguu yangu ilikuwa inaoshwa mara nne mara tano kwa siku. Na kadri nilivyoosha ndivyo ilivyozidi! Nikaamini nina kitu kibaya mwilini, maana mtu msafi hivi anawezaje kunuka.

Duka la dawa moja la mtaani wakaniuzia krimu, sitaitaja jina, ni ile ya mchanganyiko ina dawa ya fangasi, ya bakteria na steroidi ndani yake. Siku tatu tu muwasho kwisha, nikamshukuru Mungu, nikaacha kupaka. Baada ya wiki mbili fangasi ikarudi na imetanuka mpaka juu ya mguu. Nikapaka tena ikatulia, nikaacha ikarudi, nilienda hivyo karibu miezi minne. Baadae ndio nikaja kuelewa kwamba steroidi inatuliza wekundu na muwasho lakini inapunguza nguvu ya ngozi kupambana, kwa hiyo fangasi anapata nafasi ya kutanuka taratibu huku wewe unaona umepona. Naomba sana, ukienda duka la dawa kwa fangasi za vidole, uliza kabisa kama hiyo krimu ina steroidi, na kama ipo usipake mpaka mtu aliyesomea amekuangalia.

Mkombozi wangu alikuwa nesi mmoja mama mtu mzima kwenye zahanati, nilikwenda kwa ajili ya mtoto aliyekuwa na homa, tukiwa tunasubiri majibu nikamwambia shikamoo mama, samahani naomba uniangalie na mguu. Akaniambia vua. Nilisita, akasema vua mwanangu hii ni kazi yangu. Akaangalia vidole, akageuza unyayo akauelekeza dirishani kwenye mwanga, akauliza unaosha mara ngapi, nikamwambia. Akauliza, na kukausha? Nikamuangalia tu. Akasema, "Mwanangu, wewe unaosha vizuri kuliko hata mimi, ila hukaushi. Shida yako sio uchafu, shida yako ni maji."

Hilo neno nimelibeba mpaka leo kwa sababu lilinigeuza kichwa kabisa. Kumbe nilikuwa nachukua udhu, nafuta juu juu kwa ile leso ya mfukoni, narudisha soksi ya nailoni na buti ya plastiki, na yale maji yaliyobaki katikati ya vidole yanakaa humo mpaka jioni kwenye joto, yakiungana na jasho. Nilikuwa nawafugia wadudu na kuwanywesha mara tano kwa siku.

Akanielekeza na kitu kingine ambacho sikuwahi kukisikia. Kwenye nyayo zangu, kisiginoni na chini ya vidole, kulikuwa na vishimo vidogo vidogo, kama mtu amechoma choma na sindano, na ukilowa vinaonekana vyeupe zaidi. Mimi nilijua ni fangasi hao hao. Akasema hapana, hivi ni bakteria, wanakula ile ngozi ngumu ya juu palipo na jasho muda wote, na hao ndio wenye ile harufu kali. Ndio maana krimu ya fangasi ikiponya vidole harufu inabaki, dawa zake ni tofauti. Akamuita daktari nikaandikiwa losheni ya antibayotiki kwa nyayo, na krimu ya fangasi ya klotrimazo, ya kawaida isiyo na mchanganyiko, kwa vidole, na onyo kwamba klotrimazo napaka mara mbili kwa siku na hata nikiona nimepona naendelea wiki mbili nyingine. Hapo ndipo wengi tunaharibu, tunaacha siku muwasho unapoisha, wakati fangasi bado yuko kwenye ngozi amelala tu.

Kuhusu jasho lenyewe, nyayo ni sehemu ya mwili yenye vitezi vya jasho vingi kupita kawaida, miguu miwili inahesabiwa kuwa na vitezi kama 250,000. Kwa hiyo mguu kutoa jasho sio ugonjwa, umeumbwa hivyo. Na jasho likitoka halina harufu ya maana, harufu inakuja bakteria wakishalila lile jasho pamoja na ngozi iliyokufa. Ukiwanyima maji, wanakosa pa kukaa. Kazi yote ni hapo, kuutoa unyevu mguuni na kuutoa kwenye kiatu.

Na kiatu ndicho nilichokuwa sijakifikiria kabisa. Nilifanya jaribio. Nimerudi jioni saa mbili nikavua buti, nikakunja karatasi za chooni kavu nikazisokomeza mpaka mbele kwenye vidole. Saa kumi alfajiri nikazitoa, mbichi. Nikaweka nyingine, buti zikabaki siku nzima maana nilikuwa ofu, jioni bado zina ubaridi wa unyevu. Yaani miezi yote hiyo nilikuwa kila asubuhi navaa buti yenye jasho la jana na la juzi. Usiku mmoja hautoshi kukausha buti Dar es Salaam, hasa ya plastiki. Buti inahitaji siku yake ya kupumzika, na hiyo maana yake lazima uwe na pea mbili, moja kazini moja nyumbani inakauka, kesho zinabadilishana. Najua utasema hela iko wapi, mimi pia nilisema hivyo, lakini piga hesabu ya krimu nilizonunua miezi minne uone kama sio bei ya pea nzuri ya mtumba.

Pea ya pili nilienda kuichukua soko la Karume, pale Ilala. Nilipata muuzaji mmoja mzee kidogo, nikamwambia mzee nataka buti ya kazi ya ngozi, akaniuliza umetoka wapi sasa hivi, nikamwambia nyumbani, ilikuwa asubuhi. Akasema rudi jioni ukitoka kazini, mguu wa asubuhi sio mguu wa jioni, ukinunua saa hizi saa tisa itakubana. Muuzaji anakufukuza na hela yako mkononi, nikamuamini papo hapo. Na ni kweli kabisa, mguu ukisimama siku nzima kwenye joto unavimba, kwa hiyo pima jioni, pima ukiwa umevaa soksi zile utakazovaa kazini, simama kwa miguu yote miwili maana haulingani, na mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa gumba la mkono. Kidole kirefu sio lazima kiwe gumba, wengine wetu cha pili ndio kirefu.

Namna ya kujua ngozi, yeye aliibonyeza kwa kidole. Ngozi ya kweli inaweka mikunjo midogo midogo pale unapobonyeza, ile feki inabonyea tu kama mpira. Akaniambia na ndani pia niangalie, kuna buti nje ngozi lakini bitana yake ni plastiki tupu, hiyo haina faida, mguu wako unakutana na ndani.

Fundi viatu wangu wa pale kituoni akaniongezea kitu kizuri sana. Aliniuliza kama nimewahi kuona buti za jeshi za msituni, zile zina matundu mawili madogo upande wa ndani chini karibu na soli, pale kwenye upinde wa unyayo. Ni ya kutolea maji na kuingiza hewa. Akanitobolea mawili mawili kila buti, akaweka na vile vijicho vya chuma vya kupitishia kamba ili tundu lisichanike. Niliomba ruhusa kwanza kwa supavaiza, akakubali kwa sababu ukisimama hayaonekani. Ukitembea unasikia hewa kidogo inapiga pale, kila hatua. Kama lindo lako lina madimbwi usifanye, maji yataingia.

Sasa soksi. Hapa ndio nina mengi. Niliposikia nailoni mbaya nikahamia pamba asilimia mia kwa sababu ndio kila mtu anakwambia pamba pamba. Pamba inanyonya jasho vizuri kweli, ni bora mara kumi kuliko nailoni nyembamba, lakini ikishanyonya inabaki nalo. Ikifika saa sita soksi imelowa, imekuwa nzito, na ngozi iliyolowa ikisuguliwa na kitambaa kilicholowa unapata malengelenge kisiginoni. Kwa hiyo ukivaa pamba lazima uwe na pea ya kubadilisha mchana, hakuna njia nyingine. Saa saba mimi namuomba mwenzangu ashike geti dakika kumi, navua buti, natoa miguu hewani, nafuta na kitaulo kidogo kikavu kidole kwa kidole, navaa soksi nyingine, ile iliyolowa natundika nyuma ya kibanda. Hizo dakika kumi zinanifanya saa kumi na moja jioni niwe na miguu ya saa nne asubuhi. Kama ningeambiwa nichague kitu kimoja tu katika yote haya niliyoandika, ningechukua hiki.

Ila kuna soksi nilizipata kwenye mtumba kwa bahati, nene kidogo, za kijivu, zina kitako cha taulo chini, nikazinunua kwa ajili ya baridi ya usiku mwezi wa saba. Siku moja Februari zote zimelowa nikavaa hizo kwa kukosa. Nilitegemea nife na joto. Haikuwa hivyo, mguu ulishinda mkavu kuliko siku zote. Nikasoma kile kilebo cha ndani, sufi, yaani manyoya ya kondoo, zaidi ya nusu, zilizobaki ni nyuzi za kutengeneza. Nikaja kufuatilia nikakuta sufi inaweza kubeba unyevu kama asilimia 30 ya uzito wake kabla hujausikia kwenye ngozi, na ile unene wa chini unaweka nafasi kati ya mguu na soli ya moto. Kwa hiyo soksi nene kwenye joto sio lazima iwe mbaya, inategemea uzi. Sasa nikipita kwenye mafungu ya mtumba nachambua soksi nasoma vilebo, wauzaji wameshanizoea.

Soksi zinafuliwa kila siku na zinageuzwa ndani nje, maana ngozi iliyokufa iko ndani. Na zinapigwa pasi. Sisi Pwani tumezoea kupiga pasi nguo za ndani na nepi kwa sababu ya wale funza wa ngozi, nzi anataga kwenye nguo iliyoanikwa nje, sasa ule moto wa pasi unasaidia pia dhidi ya fangasi iliyobaki kwenye soksi ambayo maji baridi na sabuni hayaimalizi. Mke wangu aliponiona napiga pasi soksi aliniambia "Baba nanii, sasa umekuwa bwana harusi," tulicheka, ila toka siku hiyo buti zimerudi kulala ndani.

Kuhusu udhu nilimuuliza ustadhi wa msikiti wetu, kwa adabu, nikamwelezea tatizo. Akanikumbusha kwamba kupitisha vidole vya mkono katikati ya vidole vya miguu ni sunna yenyewe, nisiiruke, na kujikausha baada ya hapo hakuna ubaya. Akanielezea na ruhusa ya kupangusa maji juu ya khufu, zile soksi za ngozi, badala ya kuosha miguu, kwamba asiye msafiri anayo siku moja na usiku wake na msafiri siku tatu, kama alivaa akiwa na udhu kamili. Ila akasema kwa sisi Mashafi, tunaofuata madhehebu ya Imamu Shafii, soksi nyembamba haziingii humo, kwa hiyo ukitaka kuifuata kaa na mwalimu wako akupe masharti vizuri. Mimi nimechagua kuosha na kukausha. Kitaulo changu kinakaa kwenye mfuko wa shati, cha miguu peke yake, na ninasali safu yoyote ninayoikuta.

Shabu. Wengi mnaijua ya kutakasia maji na ya kupaka kwapani, basi inafanya kazi na miguuni. Nasugua jiwe la shabu kwenye unyayo uliolowa kidogo baada ya kuoga usiku, naacha inakauka yenyewe, inabana ngozi na jasho la kesho yake linapungua. Usiweke penye kidonda, inachoma vibaya. Chai pia nilijaribu, majani mengi bila sukari, naacha ipoe nachovya miguu kama nusu saa kila usiku kwa wiki nzima, ile tanini ya kwenye majani inakausha ngozi. Ilisaidia lakini inapaka rangi kwenye nyayo na ukirudi saa mbili usiku umechoka hutaki mambo ya beseni, kwa hiyo niliiacha, shabu ni rahisi zaidi. Poda nzuri ikiwa kidogo na mguu ukiwa mkavu tayari. Ukimwaga nyingi kwenye mguu wenye jasho inakuwa ugali kati ya vidole na hapo umeharibu.

Kamba za buti nilikuwa nakaza zote sawa mpaka juu. Sasa nalegeza zile za mbele kwenye vidole, nakaza pale kwenye kifundo, ili kisigino kisicheze lakini vidole vipate nafasi ya kutanuka mchana. Saa nane nikisikia zinabana nalegeza tena mzunguko mmoja. Kucha nakata kwa kunyoosha, sio kuzungusha kwenye kona, maana kwenye buti kona inaota kuingia nyamani.

Kukausha buti, jamani usianike jua kali la mchana na usiweke karibu na jiko la mkaa. Nimepoteza pea moja hivyo, ngozi ilipasuka kama udongo wa kiangazi na gundi ikaachia soli ikabaki inapiga makofi. Ukivua toa ile soli ya ndani isimame pembeni, vuta ulimi wa buti mbele mpaka mwisho, sokomeza magazeti, yabadilishe kabla hujalala, weka penye kivuli na upepo. Masika ikifika hata siku moja ya kupumzika haitoshi, hapo naweka mbele ya feni. Kwa asiyeweza kununua soli za ndani za ziada, walinzi wa zamani wanakata kipande cha boksi kwa saizi ya mguu, kinanyonya jasho, jioni wanatupa, kesho wanakata kingine, na boksi kwenye magodauni haziishi. Nilikuwa naona ni umaskini, leo nasema wale wazee walikuwa wanajua.

Kitu kimoja niseme kwa uzito wake. Mama yangu ana kisukari, na yeye mguu wake hausikii vizuri, alishawahi kuungua unyayo kwa kukanyaga mchanga wa moto uani akaja kuona lengelenge usiku. Kwa mwenye kisukari haya ya beseni na kusugua sio ya kujifanyia mwenyewe. Maji ya moto hapana, kutembea peku hapana, kila jioni mguu uangaliwe chini na katikati ya vidole, kama haoni amuombe mjukuu amuangalie, na kabla ya kuvaa kiatu aingize mkono ndani ahakikishe hakuna kokoto. Kidonda kidogo kikitokea ni kliniki siku hiyo hiyo, usisubiri kikauke.

Mwezi uliopita tulipokea dogo mpya, kijana wa miaka ishirini na kitu, wiki ya tatu nikamuona anatembea kwa kukanyaga pembeni ya mguu. Nikamwambia vua. Akasita kama nilivyosita mimi. Kidole cha mwisho mguu wa kushoto, nyeupe, imeshachanika. Nikamwambia dogo haujachafuka, una maji tu, nikampa kitaulo na pea moja ya soksi za kijivu, klotrimazo kanunua mwenyewe. Jumatatu alikuwa anatembea sawa, nimemwambia aendelee kupaka, yuko wiki ya pili.

Mimi kilichobaki ni kucha ya gumba la kulia. Ile miezi minne ya krimu fangasi aliingia mpaka kwenye kucha, ikawa ya njano na nene, na kucha haiponi kwa kupaka kirahisi. Nilipimwa ini kwanza, nikapewa vidonge vya fangasi vya terbinafine vya wiki 12, nimevimaliza. Daktari aliniambia dawa haisafishi kucha iliyokwishaharibika, inabidi iote mpya isukume ile ya zamani, na ya gumba la mguu inaweza kuchukua mwaka mpaka mwaka na nusu. Kila Jumapili nikikata kucha naangalia. Sehemu safi imefika nusu.